Mita Kumi na Nusu

Chuoni, Bweni la Tatu, Chumba namba 14
Tarehe 3 Machi

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kimya cha wiki saba. Najua umezihesabu, na najua umekwisha kumwambia Bibi kwamba chuo kimeniharibu. Hakijaniharibu, kimenichosha tu.

Wiki mbili za kwanza nilizimaliza kwenye foleni. Foleni ya kujiandikisha, foleni ya ufunguo, foleni ya muhuri, kisha foleni ya kuuliza kwa nini muhuri niliogongewa ulikuwa wa idara nyingine. Hatimaye kitambulisho kimetoka, na hapo, Babu, nina jambo la kukulaumu. Ni wewe, Mwenyekiti wa tawi la mashabiki, uliyeniambia niingie chuoni siku ya kwanza nimevaa jezi ya timu yetu, Kiwanda, "wajue umetoka kwa watu." Siku hiyohiyo ndiyo waliyotupiga picha. Kwa miaka mitatu, kila nikiingia maktaba na kila nikikaa kwenye mtihani, nitatoa kadi yenye sura yangu juu ya jezi ya zambarau yenye nembo ya uzi na sindano. Mlinzi wa lango kuu ni shabiki wa Soko, wapinzani wetu wa mjini kwetu. Kila asubuhi ananikagua kama mtu aliyeokota kitambulisho cha mwenzake. "Wewe Kiwanda, kaa pembeni. Wenye timu wapite kwanza."

Chumbani tupo wanne. Wawili hawaujali mpira, nami nawaonea wivu. Wa tatu anasomea upimaji ardhi kama mimi. Kitanda chake kipo juu ya changu, kwa hiyo namwita Jirani wa Juu. Naye ni Soko tangu tumboni. Ametundika bendera yao kwenye kitanda chake ikashuka mpaka usoni pangu. Nikifumbua macho asubuhi naona rangi ya machungwa kabla sijaona dirisha.

Kipo pia chama cha mashabiki wa Kiwanda hapa chuoni. Mwenyekiti wake yupo mwaka wa tatu kwa mara ya pili, na wenzake wanamwita Mheshimiwa. Aliponiona na jezi alinifanya katibu papo hapo bila kuniuliza. Wanakutana kila Jumatano, saa ileile ya somo langu la vitendo. Ukikosa mkutano unaitwa msaliti. Ukikosa somo huitwi kitu, unapewa sifuri tu.

Sasa habari utakayoipenda. Katikati ya muhula tunakuja nyumbani na kazi moja: kupima kiwanja cha wazi kinachotumiwa na watu wote, kuchora ramani yake na kutia sahihi. Tunafanya wawiliwawili, na Mhadhiri amenipanga na Jirani wa Juu kwa sababu tumefuatana kwenye orodha. Nimechagua kiwanja chetu. Ripoti nzuri zitapelekwa kwa kamati ya viwanja ya ligi, maana kamati haina wapimaji wa kutosha. Kiwanda ikipanda daraja, ramani itakayoangaliwa itakuwa na sahihi yangu chini yake.

Msalimie Bibi. Mwambie sijakonda.

Mjukuu wako,
Karani

*

Nyumbani
Tarehe 9 Machi

Mjukuu wangu Karani,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Ina kurasa tatu, na hakuna hata mstari mmoja unaouliza matokeo ya mechi yetu na Wachonga Mawe. Tulishinda mawili kwa moja. Bao la pili lilifungwa dakika ya sabini na nane, baada ya kona iliyopigwa kwa mguu wa kushoto. Nakuarifu kwa kuwa hukuuliza.

Nilikuambia uvae jezi. Sikukuambia upigwe picha nayo. Mtu mzima huangalia ratiba ya siku yake kabla ya kuvaa.

Kuhusu kupima kiwanja, sioni haja. Kiwanja kile kimekwisha kupimwa. Nilikipima mimi mwenyewe miaka arobaini na moja iliyopita, nilipokuwa msimamizi wa zamu katika chumba cha kufumia cha kiwanda cha nguo, na vipimo vimeandikwa kwenye kibao cha langoni: mia moja na tano kwa sitini na nane. Vipo viwanja ambavyo havijawahi kuona tepu. Kipo cha shule ya msingi. Lipo eneo la mnada. Pima huko, watu wafaidike na elimu yako. Isitoshe, nyasi za upande wa ghala zimepigwa dawa wiki hii, na si vema kukanyagwakanyagwa.

Zimebaki mechi tatu. Tukishinda mbili tunaingia ligi ya juu. Tangu timu hii izaliwe haijafika huko, nami nina miaka sabini na minne. Nakuomba ulifikirie hilo unapochagua mahali pa kufanyia masomo ya vitendo.

Huyo mwenzako wa Soko atapokewa kwa heshima kama mgeni yeyote. Bendera aiache chuoni.

Babu yako,
Mwenyekiti

*

Chuoni
Tarehe 27 Machi

Babu,

Shikamoo. Tulifika salama. Asante kwa chakula, na mwambie Bibi kwamba Jirani wa Juu hajaacha kumsifu. Anasema Bibi ni mtu mwema aliyeolewa na timu mbaya.

Kuna jambo nililopaswa kukuambia nikiwa hapo mezani, na sikuweza. Nimelizunguka wiki nzima. Sasa naliandika, nalo ni lako peke yako. Nakuomba usimwambie mtu.

Siku uliyokwenda kliniki ya macho ndiyo siku tuliyopima. Sikupima shule wala mnada, na ulipotukuta kiwanjani tulikuwa tumekwisha kumaliza. Usinikasirikie, nilitaka kukuletea ramani ya kiwanja chako uitundike ukutani. Tulianza na upana. Upana ni sitini na nane kamili, nami nikamwambia Jirani wa Juu, "Unaona? Babu yangu alipima kwa kamba na hakukosea hata kidole." Kisha tukapima urefu. Upande wa mashariki ni mita tisini na nne na nusu. Upande wa magharibi ni tisini na mbili. Kiwanja chetu ni kifupi, tena kimekaa upande.

Nilidhani tepu imejikunja. Tukarudia. Mara ya tatu tulibadilishana ncha, mimi nikasoma na yeye akashika, kwa sababu nilimshuku. Alijua ninamshuku, akasema, "Soma mwenyewe, Kiwanda. Mimi nimeshika tu." Namba hazikubadilika.

Kamati ya ligi inataka mita mia moja zisizopungua. Ripoti inakabidhiwa tarehe 11 Aprili. Nikiandika namba hizi, timu inaweza kushinda mechi zote na bado isipande. Nikiandika zile za kwenye kibao, hakuna atakayejua isipokuwa mimi na msichana mmoja wa Soko, na yeye mpaka leo hajafungua mdomo, ingawa bwenini wapo kumi na tisa wa timu yake ambao wangecheka mpaka wakaishiwa pumzi.

Nakuuliza wewe kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitu kilichotiwa sahihi kimekwisha kusemwa. Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Karani

*

Nyumbani, Ofisi ya Tawi
Tarehe 2 Aprili

Karani,

Kwanza bahasha. Ulipoteza dakika ngapi kufikiri kabla ya kuandika anwani? Umeandika: "Mwenyekiti, Tawi la Mashabiki wa Kiwanda." Barua iliyoandikiwa Mwenyekiti ni mali ya tawi. Hufunguliwa na Katibu na kusomwa mbele ya wanachama kabla ya mechi. Kanuni hiyo unaijua, maana imebandikwa mlangoni kwa mwandiko wako mwenyewe tangu ukiwa na miaka kumi na miwili. Ungeandika "Babu" tu, ingeletwa nyumbani. Miaka saba umeniandikia bahasha za tawi, na mkono wako umejiendea wenyewe kama punda aliyezoea njia.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita, mbele ya watu arobaini na sita, Katibu, yule kinyozi wetu, aliacha kiti chake, akavaa miwani, akaisoma. Unaifahamu sauti yake. Alisoma "ni lako peke yako." Alisoma "nakuomba usimwambie mtu." Hakuruka hata nukta. Nilimwambia, "Katibu, ishia hapo." Akanijibu, "Mwenyekiti, kanuni ya nne, barua haikatwi katikati." Akaendelea.

Sitakueleza kelele zote. Fundi Baiskeli alisimama na kuuliza bao lake la mita hamsini, alilofunga akiwa kijana kutoka mstari wa kati, sasa limebaki mita ngapi. Kisha akatoka nje. Mama wa Mgahawa alisema tepu imeletwa na msichana wa Soko, na tepu ya Soko haiwezi kuipenda Kiwanda. Wengi walikubali. Wengine walitaka kujua kwa nini mtoto wa tawi anakwenda kupima kitu ambacho hakuna aliyemtuma akipime.

Baada ya majadiliano, tawi limeazimia mambo mawili, nami nayawasilisha kwako kama Mwenyekiti. Moja, vipimo halali vya kiwanja ni vile vilivyo kwenye kibao. Mbili, mwanachama anayesoma chuoni anaagizwa kuviandika hivyo katika ripoti yake.

Tepu za siku hizi ni nyembamba na siku hiyo jua lilikuwa kali. Makosa hutokea. Fanya ulivyoagizwa, tumalize jambo hili.

Mwenyekiti

(Ndani ya bahasha hiyohiyo, kwenye kipande cha karatasi ya daftari:)

Mke mwenzangu,

Nimeitia karatasi hii wakati mume wetu anatafuta stempu, kwa hiyo naandika haraka. Mimi namba sizijui. Ninachojua ni kwamba mtu huyu hana raha. Kahawa anaiacha inapoa. Juzi nilimfuata kwa mbali nikamwona kiwanjani peke yake na fimbo yake, anahesabu hatua kutoka golini mpaka ukuta wa ghala. Akafika, akarudi, akahesabu tena. Nilipomuuliza, akasema anafanya mazoezi. Tangu anioe sijamwona akifanya mazoezi.

Yule rafiki yako aje tena. Anakula vizuri.

Bibi

*

Chuoni
Tarehe 10 Aprili

Kwa Babu, si kwa Mwenyekiti. Tazama bahasha.

Shikamoo.

Nimelisoma agizo la tawi. Nilidhani nimemwandikia babu yangu, kumbe nimejibiwa na mkutano.

Habari zimefika na huku. Mheshimiwa alikuja bwenini na wenzake sita, wakasimama mlangoni kwa kuwa wanaume hawaruhusiwi kuingia. Akanihutubia kutoka hapo. "Dada Karani, historia itakuuliza ulikuwa upande gani!" Nikamwambia historia isubiri, nina jaribio la hesabu saa nane. Akaniambia mita kumi ni nini mbele ya mapenzi ya timu. Huyo ndiye anayesomea ualimu wa hesabu, Babu, mwaka wa tatu kwa mara ya pili.

Nimechoka. Nimechoka na mlinzi, na mikutano ya Jumatano, na bendera ya machungwa. Nimechoka kuwa na timu kabla ya kuwa na jina. Hapa hakuna anayejua kwamba nilipata alama za juu kwenye jiometri. Wanajua tu kwamba mimi ni Kiwanda.

Lakini Bibi ameniandikia. Anasema unakwenda kiwanjani na fimbo unahesabu hatua. Nimeelewa kwamba unajaribu kuzipata hizo mita kumi na nusu kwa miguu yako, huzipati, na inakuumiza. Sitaki uzunguke juani kwa macho hayo kwa sababu ya tepu yangu.

Kwa hiyo nimeandika mia moja na tano kwa sitini na nane. Nimechora mstatili safi, pembe nne zote sawa. Nimetia sahihi na nimeikabidhi leo, siku moja kabla ya wakati.

Jirani wa Juu amekataa kutia sahihi yake. Nilimwambia atapoteza alama. Akasema, "Afadhali nipoteze. Nikitia sahihi hii, nyumbani watasema Soko ndiyo iliyowapandisha ninyi daraja." Kisha akapanda kitandani kwake, akageukia ukutani, na mpaka sasa hajanisemesha.

Wasalimie wanachama wote arobaini na sita. Waambie agizo limetekelezwa.

Karani

*

Nyumbani
Tarehe 11 Aprili

Mjukuu wangu,

Nakuandikia nikiwa nyumbani, si ofisini, na barua hii nitaipeleka posta mwenyewe. Natumaini itakufikia kabla hujakabidhi ripoti. Ikiwa imechelewa, kosa ni langu. Nilikuwa na siku tisa za kuiandika.

Tepu yako haikukosea.

Nilipokipima kiwanja kile kilikuwa na mita mia moja na tano. Nilipewa kamba na bohari ya kiwanda, nikaifunga fundo kila baada ya mita tano, nikapiga vigingi vinne. Jioni yake nikasimama mbele ya wafanyakazi wa zamu mbili nikawatangazia vipimo. Walipiga makofi. Walikuwa hawajawahi kuwa na kitu chao ndani ya ua ule, hata benchi la kukalia. Kibao kiliandikwa wiki hiyohiyo.

Mwezi uliofuata, kabla mechi ya kwanza haijachezwa, Meneja wa kiwanda aliongeza ghala la marobota ya pamba. Ukuta wake ukaingia kiwanjani. Aliniita ofisini akaniambia, "Sogeza goli ndani, na usianze maneno." Nikamwambia kiwanja kitapungua. Akasema, "Kitapungua kwa nani? Nani atapima?" Nilikuwa na watoto watatu, na usimamizi wa zamu niliupata kwa shida. Nikaikata kamba, nikang'oa vigingi viwili, nikavisogeza siku ya mapumziko, hakuna mtu. Ukuta ulikuwa umejengwa upande, nami nikaufuata. Ndiyo maana magharibi kumepungua zaidi.

Nilikusudia kukibadilisha kibao. Nikangoja mechi ya kwanza ipite. Ikapita, tukashinda, nikaona si wakati wake. Baadaye Meneja akaondoka, kiwanda kikafungwa, ghala likauzwa kwa mfanyabiashara wa saruji, nami bado nilikuwa naona si wakati wake. Mwaka wa kumi nilikuwa nimekwisha kuzoea. Watu walinisifu kwa kipimo kile nami nikawaacha wanisifu. Ni uongo ambao sikuwahi kuusema kwa mdomo baada ya siku ile ya kwanza, kibao kilinisemea.

Ile siku ya kliniki nilirudi mapema kuliko ulivyodhani. Niliwaona kutoka barabarani. Ulikuwa umepiga goti unasoma tepu. Nilingoja nyuma ya ukuta mpaka mlipoanza kuikunja, ndipo nikaja.

Andika namba ulizozisoma. Tawi nitazungumza nalo mimi.

Babu yako

*

Chuoni
Tarehe 21 Aprili

Babu,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe 15. Yangu ya tarehe 10 bila shaka umeipata, kwa hiyo unajua kwamba ilichelewa.

Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za posta ya chuo, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Mhadhiri kabla sijapata nafasi ya kufikiri. Nilimkuta anasahihisha. Nikamwambia, "Mwalimu, naomba ripoti yangu. Ina kosa." Akaniuliza kosa la tepu au kosa la mtu. Nikasema la mtu.

Hakuniambia nikae. Alitandaza mezani picha ya mji wetu iliyopigwa kutoka angani, akaweka juu yake ramani yangu, maana tunachora kwenye karatasi inayoonyesha kilicho chini yake. "Nionyeshe kipa wa upande wa kaskazini amesimama wapi." Nikatazama. Babu, kipa wetu alikuwa ndani ya ghala la saruji. "Anadaka nini humo?" akauliza. "Mifuko?"

Alikuwa amegundua tangu siku niliyoikabidhi. Ramani yenye sahihi moja ilimtia shaka, akamuuliza Jirani wa Juu kwa nini hakutia yake. Akamjibu, "Muulize mwenyewe, mimi siwasemi watu ninaolala nao chumba kimoja." Mhadhiri aliamua kungoja siku saba. Nisingekwenda, angenipeleka kwenye kamati ya nidhamu, na huko wanafukuza. Nilikwenda siku ya tano. Nimepewa sifuri kwenye somo la vitendo, na likizo yote nitabaki hapa nikilirudia. Nitapima kila jengo la chuo hiki, vyoo vikiwamo. Namba za kweli zimekwenda kwa kamati ya ligi, zikiwa na sahihi mbili.

Mheshimiwa amenifukuza ukatibu kwa barua yenye muhuri. Jumatano zangu zimerudi.

Sasa nina neno nawe. Nimekasirika, na nataka ulijue hilo kwa maandishi. Kiwanja nakusamehe. Ulikuwa na watoto watatu, mmoja wao ni mama yangu. Kilichonikasirisha ni yale makaribisho. Ulifika, ukanitazama nikikunja tepu, ukanipa maji, ukaniuliza kama jua lilikuwa kali. Hukuniuliza namba! Wewe, unayeuliza kona ilipigwa dakika ya ngapi na kwa mguu gani, hukuniuliza namba. Mimi nikadhani unaniheshimu. Nikaondoka na mzigo ule nikiamini naubeba ili wewe usiumie, kumbe ulikuwa wako. Na baadaye ukaniandikia kwamba tepu za siku hizi ni nyembamba.

Sijui nimalizie vipi. Jirani wa Juu ameanza kunisemesha. Anasema nikuambie pole.

Karani

*

Nyumbani
Tarehe 28 Aprili

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na sina cha kusahihisha. Nilikukosea. Nilikukosea kama babu kabla ya kukukosea kama Mwenyekiti, na la kwanza ni zito zaidi. Sikuombi unijibu kwa hilo. Nimeliandika ili liwe limetiwa sahihi.

Nilingoja Jumamosi, kabla ya mechi ya mwisho, wanachama walipojaa. Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe. Hawakuamini. Mama wa Mgahawa alisema, "Mzee anamlinda mjukuu wake, anajitwisha kosa." Nikaona maneno hayatoshi. Nikaazima tepu ndefu kwa mwashi, nikawaambia watoke wote. Katibu alishika ncha kwenye goli la kusini. Nyingine niliishika mimi. Tulitembea urefu wote wa kiwanja, watu wakiwa wamejipanga pembeni kama wanaosindikiza. Nilipofika mstarini macho hayakunisaidia, nikapiga goti, nikasogeza uso mpaka karibu na tepu. Nikasoma kwa sauti: tisini na nne na nusu. Wa nyuma wakasema hawakusikia. Nikasoma tena.

Fundi Baiskeli ndiye aliyesema kwanza. Alisema, "Basi bao langu ni la mita arobaini na saba," kisha akafikiri. "Si haba." Wachache walicheka. Wengi hawakucheka. Yupo mmoja, tuliyefanya naye kazi kwenye mashine mbili zinazotazamana, aliyenipita bila kunipa mkono. Miaka arobaini na moja amekuwa akiwaambia wageni vipimo vya kiwanja kile.

Nimejiuzulu uenyekiti. Nafasi anaishika Katibu mpaka uchaguzi. Agizo la tawi kwako limefutwa, na imeandikwa kwenye kumbukumbu kwamba ulikuwa sahihi. Kumbukumbu zenyewe zimeandikwa vibaya sana tangu uondoke, lakini hilo limeandikwa.

Mechi tulishinda, moja bila. Bao la dakika ya hamsini na tatu, kwa kichwa. Kwa pointi, tumepanda.

Barua ya ligi ilikuja Jumatatu. Wanasema hivi: Kiwanda inaweza kuingia ligi ya juu, lakini mechi zake za nyumbani haziwezi kuchezwa kwenye kiwanja chenye mita tisini na nne. Mjini kipo kiwanja kimoja tu kinachotimiza masharti, nacho ni cha Soko. Tukikubali, tutaingia ligi ya juu kama wapangaji wa Soko, tukibadilisha nguo kwenye vyumba vyao, chini ya bendera yao. Tukikataa, tunabaki chini mwaka mmoja, huku tukijaribu kuzungumza na mwenye ghala auvunje ule ukuta. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Alichosema ni kwamba anashangaa kusikia amekuwa akihifadhi saruji golini.

Tawi limegawanyika katikati kabisa. Nyumbani pia. Bibi yako anasema twende tukacheze kwa Soko, kwa kuwa sasa tunao mtu wetu kule, yule msichana anayekula vizuri. Fundi Baiskeli anasema afadhali mguu wake uoze. Wote wawili wamenitazama mimi, na kila mmoja ana hakika nipo upande wake. Zamani ningesimama na kuwaambia la kufanya. Sasa nina mkono mmoja, kama kila mwanachama, na kiti changu kipo safu ya tatu.

Kura inapigwa Jumapili saa kumi alasiri. Nimekaa na jambo hili siku nzima, na bado sijui mkono wangu utainuka Katibu akiuliza mara ya kwanza au mara ya pili. Nitakuandikia wakishaamua. Idadi ya mikono nitakuandikia kama ilivyo, hata kama wangu utakuwa peke yake.

Babu yako